Sahihi ya Mama: Kisa cha Mtoto wa Darasa la Tatu katika Shule ya Title I

Mtoto ana miaka tisa, yuko darasa la tatu katika shule ya msingi ya umma jimboni Iowa, Marekani. Shule ilituma nyumbani fomu ya kuomba ruhusa ya kumfanyia tathmini ya elimu maalumu, mama akaitia sahihi. Wiki chache baadaye akaanza kuulizia kanisani kama sahihi hufutika, kwa kuwa jirani alimwambia mwanawe anakwenda "kuwekwa na watoto wa shida ya kichwa". Aliyemsikia akanipigia simu. Kazi yangu ni ukalimani, na wazazi wetu wengi mjini hapa wana namba yangu hata kama hatujawahi kuonana. Majina nayaacha yote, la mji na la shule pia.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu moja. Sheria ambayo mzazi hutangaziwa kila mwezi wa Agosti shule zinapofunguliwa, ile ya Title I, fedha za serikali ya shirikisho kwa shule zenye watoto wengi wa familia za kipato kidogo, ina ahadi nyingi na meno machache. Zenye meno ni sheria nyingine, na hizo hazimo kwenye bahasha ya karatasi anayoletewa mzazi Agosti.

Familia imetoka Fizi, Kivu Kusini. Mama alivuka Ziwa Tanganyika akiwa msichana, akaolewa na kuzaa kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma. Watoto wakubwa walisoma kule kambini, kwa mtaala wa Kongo. Huyu mdogo aliondoka kabla ya kuanza shule. Marekani walipokelewa kwanza Texas. Baada ya miaka miwili wakahamia Iowa kumfuata ndugu aliyewaambia kwamba kiwanda cha nyama kinaajiri na kodi ya nyumba ni nafuu. Baba bado yuko Kigoma, faili lake halijatoka. Mama anafanya zamu ya jioni: anaingia saa tisa alasiri, anatoka saa sita usiku. Mkubwa wa nyumba baada yake ni binti wa miaka kumi na mitatu.

Nilipokwenda kumwona, alinitolea mfuko wa plastiki wenye karatasi zote za shule tangu walipofika. Hakuwa ametupa hata moja. Nikamuuliza ile fomu ya tathmini alielezwa nini kabla ya kuisaini.

"Dada, mi nilisinyé tu. Shule ikituma karatasi, mzazi unasinya."

Nilizipanga karatasi mezani. Kulikuwa na mkataba wa shule na mzazi, sera ya shule kuhusu ushirikiano na familia, barua ya haki ya kujua sifa za mwalimu, kanuni za matumizi ya kompyuta, ruhusa ya kupigwa picha, fomu ya basi. Karibu zote zilikuwa na mstari wa sahihi chini, na kwenye kila mstari sahihi yake ilikuwepo, herufi kubwa zilizoandikwa kwa kukazwa mpaka zimeonekana upande wa pili wa karatasi. Fomu ya tathmini ilikuwa katikati ya hizo, karatasi nyeupe kama nyingine, kwa Kiingereza kama nyingine.

Hapa inabidi tusimame kidogo. Sheria ya Title I inaitaka kila shule inayopokea fedha hizo iandae mkataba huo pamoja na wazazi, ueleze shule itafanya nini, mzazi atafanya nini, na mtoto atafanya nini ili afaulu. Lakini sheria haidai sahihi. Shule nyingi huweka mstari wa sahihi kwa mazoea, wapate cha kuonyesha wakaguzi wakija. Mzazi asiposaini hakuna kinachoharibika, mtoto hafukuzwi, basi halimwachi. Kwa hiyo mama huyu alikuwa ametia sahihi karatasi chungu nzima ambazo hazikubadilisha chochote, na katika mfululizo huohuo akatia sahihi moja iliyokuwa na uzito wa kweli. Kwa tathmini ya kwanza ya elimu maalumu, IDEA, sheria ya shirikisho ya elimu ya watoto wenye ulemavu, iko wazi: bila idhini ya mzazi ya maandishi, shule haianzi. Tena idhini yenyewe lazima iwe ya mtu aliyeelewa. Sheria inataka aelezwe kila jambo linalohusika, kwa lugha yake, na ajue kwamba kukubali ni hiari na anaweza kubadili mawazo.

Shule ingesema alielezwa. Mwezi wa Novemba kulikuwa na kikao cha mzazi na mwalimu, na mama alienda kabla ya zamu. Kilichukua kama dakika arobaini. Waliokuwepo ni mwalimu wa darasa, mwalimu wa kusoma na mwanasaikolojia wa shule. Mkalimani alikuwa binti yake, aliyeitwa kutoka shule ya jirani. Nilimuuliza binti alimtafsiria mama nini. Akafikiri, akasema: "Niliambia mama kwamba mdogo wangu hasomi vizuri, wanataka kumsaidia." Dakika arobaini za majedwali, viwango vya usomaji, majina ya vipimo na maelezo ya haki za mzazi zilimfikia mama zikiwa sentensi hiyo moja. Simlaumu binti. Kuna watu wazima wenye vyeti vya ukalimani wanaojikwaa kwenye msamiati wa elimu maalumu, na huyu alikuwa anakosa somo la hisabati ili aje kukaa pale.

Mama naye alikuwa na sababu zake za kutouliza. Kongo alikokulia, mzazi akiitwa shule ni kuhusu minerval, yaani karo, au mtoto kapigana. Kuna kamati ya wazazi, lakini kazi yake kubwa ni kukusanya michango. Kambini ilikuwa hivyohivyo: mwalimu anajua, mzazi anashukuru. Mtu aliyekulia hivyo, ukimweka mbele ya Wamarekani watatu wanaotabasamu na kumsukumia kalamu, atakuwa mgumu kusema "ngojeni kwanza".

Nikamwambia mama jambo la kwanza ni kuliona faili la mtoto. Haki hiyo iko katika sheria nyingine tena, FERPA ya mwaka 1974: mzazi anaruhusiwa kukagua kumbukumbu za mtoto wake, na shule inayopokea fedha za serikali ya shirikisho ina siku 45 za kumtimizia ombi. Shule hii haikusubiri. Katibu muhtasi alilitoa faili baada ya siku chache, akatupa na meza.

Majibu yote yalikuwa humo. Kwenye usajili wa Iowa, ambao siku hizi hufanyika mtandaoni, kulikuwa na maswali ya lugha: mtoto alianza kusema lugha gani, anatumia lugha gani zaidi, nyumbani kunasemwa lugha gani. Majibu yote: Kiingereza. Binti ndiye aliyejaza, kwa simu, usiku mmoja mama akiwa kazini. Alipoulizwa alishangaa, hakuona kosa. Yeye na mdogo wake wanasemeshana Kiingereza, na mama hayupo nyumbani muda ambao watoto wako macho. Kwa swali la pili alisema ukweli mtupu. Kwa yale mengine alijaza haraka ili aende kulala.

Jibu hilo moja ndilo lililoendesha mambo kwa mwaka mmoja na nusu. Mtoto ambaye fomu yake inasema Kiingereza hapimwi lugha. Asiyepimwa hatambuliwi kuwa anajifunza Kiingereza, hivyo hapewi mwalimu wa lugha. Na kompyuta ya shule huchagua lugha ya kuwasiliana na familia kwa kuangalia fomu ileile: simu za usiku za matangazo, barua, mialiko ya vikao, vyote vilikuja kwa Kiingereza, na siku ya kikao hakuna aliyewaza kutafuta mkalimani kwa sababu kwenye skrini ilionekana ni familia ya Kiingereza. Mama alidhani shule haina Kiswahili, shule nayo ikawa inamhesabu mama kuwa anaelewa.

Kilichonikera zaidi kilikuwa chini ya fomu hiyo. Karatasi za Texas zilikuwemo, zimefika tangu mwaka uliotangulia. Zilieleza wazi kwamba mtoto alikuwa katika kundi la wanaojifunza Kiingereza, na matokeo ya mtihani wa lugha wa jimbo lile yalikuwepo: kusikiliza na kusema yuko juu kidogo, kusoma na kuandika yuko chini kabisa. Zilikuwa zimebanwa vizuri, zimepigwa muhuri wa kupokelewa. Hakuna aliyezisoma.

Walimu wa darasa nao walipotoshwa na masikio yao. Mtoto huyu anaongea Kiingereza cha uwanja wa mpira kwa kasi, na lafudhi ya hapahapa. Mtafiti wa Kanada Jim Cummins amekuwa akieleza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba kuna Kiingereza cha kuongea na wenzako, ambacho mtoto hukipata kwa mwaka mmoja au miwili, na kuna Kiingereza cha vitabu, cha kueleza sababu na kulinganisha, ambacho huchukua miaka mitano hadi saba au zaidi. Anayemsikia mtoto akipiga kelele wakati wa mapumziko, halafu akamwona ameganda mbele ya aya moja ya sayansi, ni rahisi aseme kuna kasoro ya kujifunza. Sheria ya IDEA iliuona mtego huo. Inasema wazi kwamba mtoto asihesabiwe kuwa na ulemavu ikiwa sababu kuu ya kushindwa kwake ni Kiingereza kidogo au kutofundishwa kusoma inavyostahili. Na vipimo vitolewe kwa lugha ya mtoto na kwa namna itakayoonyesha anachokijua kweli, isipokuwa ikiwa haiwezekani kabisa. Bila kujua lugha ya nyumbani ya mtoto, wataalamu wa shule hii wasingeweza hata kuanza kulijibu swali hilo.

Sasa tuje kwenye Title I yenyewe, kwa kuwa shule hii inapokea fedha hizo na bango lao limebandikwa mlangoni. Title I ni sehemu ya sheria ya elimu ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia sahihi Aprili 1965, mbele ya shule ndogo ya kijijini Texas alikosoma utotoni, mwalimu wake wa kwanza ameketi kando yake. Imebadilishwa mara kadhaa, mara ya mwisho kwa kiasi kikubwa Desemba 2015 chini ya Obama, ilipopewa jina la ESSA. Kwa sasa hupeleka zaidi ya dola bilioni 18 kwa mwaka kwenye maeneo yenye watoto wengi wa familia za kipato kidogo. Shule ambayo watoto hao wanafika asilimia 40 inaruhusiwa kuzitumia fedha kwa mpango wa shule nzima. Hii ya kwetu inapita hapo kwa mbali.

Masharti yake kuhusu wazazi, ukiyasoma, ni mazuri kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Lazima kuwe na mkutano wa kila mwaka wa kueleza mpango na haki za wazazi, na shule itoe mikutano ya nyakati tofauti, asubuhi au jioni. Fedha za Title I zinaweza kulipia usafiri, malezi ya watoto wakati wa kikao, hata mwalimu kwenda nyumbani kwa mzazi. Wilaya inayopata zaidi ya dola 500,000 hutenga angalau asilimia 1 kwa shughuli za wazazi na familia, na asilimia 90 ya hiyo iende shuleni, wazazi wakishirikishwa kuamua itumikeje. Mzazi ana haki ya kuuliza sifa za mwalimu, na kujulishwa ikiwa mtoto amefundishwa wiki nne mfululizo na mtu asiye na leseni inayotakiwa. Ana haki ya kuingia darasani kuangalia, kwa utaratibu. Mawasiliano yawe ya pande mbili, kwa lugha ambayo familia inaielewa, kadiri inavyowezekana. Na mtoto anayewekwa katika programu ya kujifunza Kiingereza, mzazi aandikiwe ndani ya siku 30 tangu mwaka wa masomo uanze, aelezwe kwa nini, na kwamba anaweza kukataa. Akitambuliwa katikati ya mwaka, ni ndani ya wiki mbili.

Ukiyapima hayo na yaliyompata mama huyu, mengi hayakutimizwa. Mkutano wa mwaka ulifanywa saa kumi na moja na nusu jioni, yeye yuko kwenye mstari wa kukata nyama. Ule mkataba "ulioandaliwa pamoja na wazazi" una tarehe ya miaka mitatu nyuma. Barua ya siku 30 haikutumwa, kwani mtoto hakutambuliwa.

Swali la kila mtu hapo huwa: basi si ashitaki? Kwa sheria ya Title I, hawezi. Jambo hili lilishajaribiwa. Wazazi wa Newark, New Jersey, waliishitaki wilaya yao ya shule wakidai haikuwapa taarifa ambazo sheria ya wakati ule, ile ya Bush ya 2002, iliwataka wapewe. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema masharti yale hayampi mzazi mmojammoja haki ya kwenda mahakamani. Ni masharti ya fedha kati ya serikali na majimbo, na mwenye kuyasimamia ni waziri wa elimu. Majaji walifuata msimamo wa Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Gonzaga ya 2002, ambayo ilikuwa kuhusu FERPA. Kwa hiyo FERPA na Title I ziko kapu moja: mzazi anaweza kulalamika kwa wilaya, kwa jimbo, kwa wizara, lakini hakimu hamfungulii mlango.

Wanaojua hilo hukata tamaa, au huacha kuitaja Title I kabisa. Nadhani wanakosea. Thamani yake ni kwamba inakuweka kwenye meza na kukupa maswali ambayo mkuu wa shule hawezi kusema hayamhusu. Ila ukitaka jambo lifanyike wiki hii, kwa mtoto huyu, unashika sheria nyingine. Kwa mama huyu zilikuwepo mbili. IDEA, ambayo inasimamisha tathmini hadi mzazi aelewe, na yenye utaratibu wake wa malalamiko, wasikilizaji huru wa kesi na mahakama. Na sheria ya fursa sawa za elimu ya 1974, inayozitaka shule zichukue hatua zifaazo kuondoa vizuizi vya lugha vinavyomzuia mtoto kushiriki sawa na wenzake. Kwa sheria hiyo mzazi anaweza kushitaki. Ilipitishwa mwaka uleule Mahakama Kuu ilipoamua kesi ya Lau, ya watoto wa Kichina wa San Francisco waliokuwa wamekalishwa darasani bila msaada wowote wa Kiingereza, kwa msingi wa sheria ya haki za kiraia ya 1964.

Watu wameniuliza kuhusu amri ya Machi 2025 iliyotangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani. Iliifuta amri ya Clinton ya mwaka 2000 kuhusu huduma za lugha. Amri ya rais haifuti sheria ya Bunge. Hizo nilizozitaja ni sheria za Bunge, zipo.

Kulikuwa na uamuzi wa kufanya. Mama alitaka kuifuta idhini moja kwa moja, na anaruhusiwa, kwa maandishi. Jirani alishamshauri akatae kila kitu. Mimi sikufurahia ushauri huo. Katika jumuiya yetu elimu maalumu inaogopwa kama aibu, na nimeona watoto wenye shida halisi ya kusoma wakifika darasa la nane bila msaada wowote kwa sababu mzazi aliambiwa na watu wa kanisani asikubali. Huduma hizo ni bure, na idhini ya tathmini si idhini ya kuwekwa popote: baada ya tathmini shule lazima iombe ruhusa nyingine kabla ya kuanza huduma, na hapo mzazi akikataa shule haina pa kumshitaki. Nilimweleza mama yote hayo nikiwa jirani, jikoni kwake, kwa kuwa mkalimani akiwa kazini hatakiwi kushauri. Ndiyo maana pia nilimwambia siku ya kikao sitatafsiri mimi. Aiambie shule: leteni mkalimani wenu.

Akaandika barua kwa mkono, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, nami nikaweka tafsiri nyuma. Ilisema nyumbani tunasema Kiswahili na Kibembe. Ilisema fomu ya tathmini niliisaini bila kuelezwa kwa lugha yangu, naomba isimamishwe mpaka mtoto apimwe Kiingereza chake. Ilisema Texas walimpima, karatasi mnazo. Ikamalizia: binti yangu asiitwe tena kutafsiri, ana masomo yake. Tarehe juu, sahihi chini. Alichukua nakala, akaipeleka ofisini mwenyewe, akamwomba katibu muhtasi agonge muhuri kwenye nakala yake. Muhuri huo ni ushauri ninaompa kila mzazi, kwa sababu mazungumzo ya mlangoni hayaingii kwenye faili.

Kikao kikawekwa saa mbili asubuhi, muda ambao mama ameshalala kidogo. Mkalimani alikuwa wa simu, ambayo iliwekwa katikati ya meza kwa sauti ya juu. Mwanamke mwenye Kiswahili cha Mombasa, taratibu, kila sentensi imekamilika. Mama wa Fizi na sauti ya Mombasa walielewana, isipokuwa mahali pawili patatu ambapo mama alisema "rudilia, mama" na sauti ikarudia kwa maneno mengine. Nilikaa pembeni kama mgeni wake.

Mwanasaikolojia alianza na majedwali. Mama akamwacha amalize. Halafu akauliza, kwa sauti ileile ya kawaida: "Nani aliandika kwamba nyumbani kwangu tunasema Kiingereza?" Ilipotafsiriwa, mkuu wa shule aliigeuza skrini yake ili mama aone fomu. Mama akasema hiyo mimi sikuandika, hiyo saa nilikuwa kazini, na nyinyi mlikuwa na karatasi ya Texas. Mkuu wa shule akafungua faili la karatasi, akazikuta, akakaa kimya kidogo, akasema hili ni letu. Niseme haki: nimehudhuria vikao vingi ambavyo neno hilo halikutoka.

Mtoto alipimwa Kiingereza wiki hiyohiyo, na akatambuliwa. Barua ya wiki mbili ilikuja, kwa Kiswahili cha mashine kilichoeleweka nusu, ikiwa na sehemu ya kukataa programu. Mama hakukataa. Mtoto anapata somo la lugha kila siku badala ya kukaa nyuma ya darasa na kitabu cha picha. Tathmini ya elimu maalumu imesimamishwa kwa makubaliano kwamba itaangaliwa upya baada ya miezi kadhaa ya kufundishwa inavyostahili. Kufikia Mei usomaji ulikuwa umesogea. Hesabu za maneno bado zinamlemea kuliko nilivyotarajia kwa mtoto ambaye tatizo lake ni lugha tu, na mwalimu wa lugha, ambaye namwamini, anasema huenda tathmini ikahitajika kweli. Mama ameshalisikia hilo na hakushtuka.

Lile ambalo halikutatuliwa ni mwaka na nusu uliopotea. Title I haina fidia ya namna hiyo. Kwa ile sheria ya fursa sawa ya 1974 angehitaji wakili. Malalamiko kwa ofisi ya haki za kiraia ya wizara ya elimu hupelekwa ndani ya siku 180, ni bure, hayahitaji wakili, lakini ofisi hiyo ilifunga matawi 7 kati ya 12 Machi 2025 na mafaili yanarundikana. Nilimweleza njia zote. Alikataa. "Mwalimu wake ni mzuri, sitaki vita." Nauheshimu uamuzi wake, ingawa unamwacha mtoto mmoja amesaidiwa na utaratibu uleule uliomkosesha ukiendelea.

Hata hivyo alikwenda kwenye mkutano wa kuandika upya sera ya wazazi mwezi wa Mei, uliofanywa asubuhi baada ya yeye na akina mama wengine wawili kuuomba kwa barua. Aliuliza ile asilimia 1 inatumikaje. Jibu lilikuwa vitabu vya kusoma nyumbani na usiku wa hisabati wenye piza. Wakaomba sehemu yake ilipie mkalimani wa kukaa shuleni wiki mbili za usajili. Mkuu wa shule akasema atapeleka wilayani. Katika kupekua mafaili mengine ya watoto wa Kikongo, shule iliwakuta wawili zaidi walioandikwa Kiingereza.

Fomu ya mtandaoni haijabadilika. Wilaya inasema maswali ya lugha yanatoka jimboni, hawaruhusiwi kuyagusa. Shule hii peke yake imeamua kwamba kabla ya usajili kufungwa, katibu muhtasi atampigia mzazi kupitia mkalimani wa simu na kuyauliza upya maswali yaleyale. Shule nyingine za wilaya zinaendelea kupokea majibu kama yanavyoingia.